Je, ilani ya usiri chini ya barua pepe inailinda biashara ndogo?

"Tuna ofisi ndogo ya watu 5, na kazi yetu ni kuwatunzia hesabu wafanyabiashara wengine. Wiki hii mwenzetu alituma orodha ya mishahara ya mteja mmoja kwa mteja mwingine, kwa sababu majina yao yanafanana na kompyuta ilijaza anwani yenyewe. Aliyepokea ametujibu kwa upole kwamba ameifuta. Mwenye orodha bado hatujamwambia. Sasa mshirika wangu amenakili ilani ndefu ya usiri kutoka kwenye barua pepe ya kampuni kubwa, na anataka iwekwe chini ya kila ujumbe unaotoka kwetu. Inasema ujumbe ni siri, asiyekusudiwa haruhusiwi kuusoma, na akiutumia atachukuliwa hatua za kisheria. Mimi naona aibu kuwatumia maneno hayo watu tunaosalimiana nao kila siku, lakini naogopa kukataa kisha tukashtakiwa. Je, ilani hiyo inatulinda? Kama tungekuwa nayo wiki hii, ingetusaidia?"

Ndugu msomaji, nianzie pale ulipopita haraka. Umeandika kwamba mwenye orodha bado hajaambiwa. Mwambieni leo, kabla hamjaendelea kubishana juu ya ilani. Mishahara ni taarifa za watu, na mteja wenu ndiye anayewajibika kwa watu hao. Hawezi kuwalinda katika jambo asilolijua. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018 inamtaka anayeshika data kwa niaba ya mwingine amwarifu bila kukawia. Yule mwenye wajibu naye ana saa 72 tangu apate habari kuiarifu mamlaka ya data, isipokuwa pale ambapo tukio halielekei kuwaletea wahusika madhara. Nchi nyingine nyingi zimetunga sheria za sura hiyo, ingawa muda unatofautiana. Kila siku mnayonyamaza, kosa la kidole linageuka kuwa kosa la kuficha, na wateja husamehe la kwanza kwa urahisi zaidi kuliko la pili.

Mkizungumza naye, mwelezeni yaliyotokea kama yalivyo: kilichotumwa, siku na saa, aina ya mtu aliyekipokea, na hatua mlizochukua. Mwombeni radhi. Ila msiahidi fidia hapo hapo. Kama mna bima ya makosa ya kikazi, someni masharti yake kwanza, maana bima nyingi za aina hiyo hutaka kuarifiwa mapema na hukataza kukubali dai bila kuwashirikisha. Kisha mrudieni yule mpokeaji mwema. Mshukuruni, na mwombeni athibitishe kwa maandishi kwamba hakumtumia mtu mwingine, hakuhifadhi nakala kwenye simu au kompyuta nyingine, na amekifuta pia kwenye kikapu cha taka. "Nimefuta" ni neno pana. Watu wengi wakilisema wanamaanisha kwamba ujumbe hauonekani tena mbele yao.

Sasa swali lenyewe. Hapana, ilani ile haiwalindi kwa namna mshirika wako anavyofikiri, na wiki hii isingebadilisha chochote cha maana. Lakini sitaki umwendee na neno "hapana" tupu. Hofu yake ni ya haki kabisa. Alichokosea ni dawa, kwa hiyo inafaa aone kwa nini.

Ilani ya namna hiyo inajaribu kumfunga mtu ambaye hamna uhusiano naye katika jambo hilo. Inamwambia: umepokea hiki, kwa hiyo una wajibu huu na huu. Sheria ya mikataba, katika nchi nyingi, haiendi hivyo. Mkataba unataka pande mbili zikubaliane, na mtu hawezi kumtungia mwenzake ukubali kwa sababu tu amekaa kimya. Mwaka 1862 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Felthouse dhidi ya Bindley, ambayo wanafunzi wa sheria wanaisoma hadi leo. Mzee mmoja alitaka kununua farasi wa mpwa wake. Akamwandikia kwamba asiposikia neno zaidi kuhusu farasi yule, atamhesabu kuwa ni wake kwa pauni 30 na shilingi 15. Kijana hakujibu, ingawa moyoni alikuwa amekubali, na hata akamwambia dalali wa mnada asimuuze. Dalali akamuuza kwa bahati mbaya. Mzee akamshtaki dalali, akashindwa: farasi hakuwa wake, kwa kuwa mpwa hakuwahi kumjulisha kwamba amekubali. Ikiwa kimya cha mpwa aliyekuwa tayari kuuza hakikuzaa mkataba, kimya cha mtu aliyeangukiwa na barua pepe asiyoiomba hakiwezi kuuzaa.

Hata hivyo, mkataba si njia pekee ambayo mtu huweza kufungwa na siri. Na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, hata baadhi ya mawakili. Upo wajibu wa kutunza siri unaotokana na mazingira yenyewe. Kwa sheria ya Kiingereza, ambayo nchi nyingi zimeirithi, vipimo vyake vilipangwa vizuri mwaka 1968 katika kesi ya Coco dhidi ya Clark, iliyohusu injini ya pikipiki ndogo. Jaji alitazama mambo matatu. Je, taarifa yenyewe ni ya siri kweli? Je, ilipokelewa katika hali ambayo mtu mwenye akili timamu angetambua kwamba ni amana? Na je, imetumiwa bila idhini, kwa hasara ya mwenyewe?

Ipitishe orodha yenu kwenye vipimo hivyo. Mishahara ya wafanyakazi wa kampuni nyingine, majina na tarakimu, imemfikia mtu ambaye hahusiki nayo. Mpokeaji anahitaji aya tatu za vitisho ili ajue kwamba hiyo si mali yake? Anajua mara tu anapofungua. Wajibu wake unatokana na kile alichokiona, na ungekuwepo hata kama chini ya ujumbe hapakuwa na kitu. Upande wa pili, ujumbe wa kumwambia mteja kwamba mkutano umesogezwa hadi saa nne hauwi siri kwa kubandikwa neno "siri". Ilani inagusa kipimo cha pili peke yake, tena kwa wepesi: inaweza kuwa ushahidi kwamba mpokeaji alitahadharishwa. Huo ndio msaada wake halisi. Ni mdogo, lakini upo, na sitaki kuuficha.

Hata msaada huo mdogo mnaweza kuupoteza kwa namna mbili. Ya kwanza ni mahali ilani inapokaa. Ikiwa chini kabisa, mtu anaifikia akiwa amekwisha kusoma yote aliyokatazwa kuyasoma. Enzi za faksi ilani hizi zilikuwa kwenye ukurasa wa mbele, juu ya nyaraka, kwa hiyo aliyechukua karatasi mashineni alikutana nazo kwanza. Barua pepe ilizirithi, ikazitupa mkiani. Namna ya pili ni kuibandika kila mahali. Mkiiweka kwenye bei, kwenye salamu, kwenye tangazo la huduma mpya na kwenye orodha ya mishahara, wakili wa upande wa pili atawauliza mbele ya jaji: kati ya hizi zote, ni ipi mliyodhani kweli ni siri? Alama inayowekwa kwenye kila kitu haimtofautishii mtu chochote, na macho ya wasomaji huizoea mpaka hawaioni.

Nadhani mshirika wako atauliza: basi mbona mawakili na kampuni kubwa wanaiweka? Swali zuri. Mawakili wana sababu yao. Mawasiliano kati ya wakili na mteja yana kinga mahakamani, yaani hayalazimishwi kutolewa kama ushahidi, na kinga hiyo inaweza kupotea yakifichuliwa. Nchini Marekani, kanuni ya ushahidi namba 502 ya mahakama za shirikisho, iliyotungwa mwaka 2008, inasema kufichua kwa bahati mbaya hakuiondoi kinga ikiwa mwenyewe alichukua hatua za busara kuzuia, na akachukua hatua za haraka kurekebisha. Kanuni za mfano za chama cha mawakili cha nchi hiyo nazo zinamtaka wakili aliyepokea waraka, akijua au akipaswa kujua kwamba umetumwa kwa makosa, amjulishe mtumaji mara moja. Wakili akimwandikia wakili mwenzake, basi, ilani inamkumbusha mtu ambaye tayari amefungwa na maadili ya kazi yake. Nanyi tazameni maneno hayo: hatua za busara kuzuia, hatua za haraka kurekebisha. Hayo ni matendo. Maneno yaliyobandikwa na kompyuta yatahesabiwa kidogo sana kando ya hayo.

Kampuni nyingine nyingi zinaiweka kwa kuigana. Ninao mfano mmoja ambao huwasimulia wateja wangu. Kuanzia mwaka 2005, kanuni za wizara ya fedha ya Marekani ziliwafanya washauri wa kodi waweke chini ya barua zao maneno kwamba ushauri uliomo hauwezi kutumiwa kukwepa adhabu za kodi. Punde si punde maneno hayo yakaonekana hata kwenye barua ambazo hazikutaja kodi kabisa. Juni 2014 kanuni zilizoyazaa zikaondolewa, na mamlaka ya kodi ikasema wazi kwamba hayahitajiki tena. Maelfu ya watu walikuwa wameyanakili bila kujua yalitoka wapi wala yalikuwa ya nani. Ndivyo mshirika wako alivyoinakili hii, kwa nia njema kabisa.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuhusu ilani hiyo, nalo umelihisi ulipoandika neno "aibu". Siku mtakapokosea tena, mtu atakayekuwa ameshika siri ya mteja wenu hatakuwa adui. Atakuwa mtu wa kawaida, mwenye shughuli zake, ambaye hana deni kwenu na ambaye mnamhitaji awatendee wema. Yule wa wiki hii aliwajibu kwa upole. Mngekuwa mmemtisha kwa kesi kwa kosa mlilolifanya ninyi, pengine angefuta na kunyamaza, na hadi leo msingejua kama orodha imetoka. Lugha ya ombi ina manufaa zaidi kuliko lugha ya amri, na hilo nalisema kama mwanasheria.

Chunguzeni pia kama kuna kifungu kinachosema hakuna kilichoandikwa kwenye barua pepe kinachoifunga kampuni. Nyingi za ilani hizi ndefu zinacho. Ninyi mnakubali kazi, bei na tarehe kwa barua pepe. Je, kweli mnataka mteja aseme hakuna mlichokubaliana? Na mahakama haziko upande wa maneno ya kubandika kila mara. Mwaka 2019, katika kesi ya Neocleous dhidi ya Rees, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba jina la wakili lililowekwa na kompyuta yenyewe chini ya barua pepe lilitosha kuwa saini katika makubaliano ya ardhi. Kwa hiyo sehemu ile ya chini ina uzito. Uzito wenyewe uko kwenye jina lenu.

Hapo ndipo ningependa mtumie nafasi mnayotaka kuijaza kwa vitisho. Ziko nchi ambazo sheria inataka mambo fulani yaonekane kwenye barua za biashara, na barua pepe imo. Uingereza inaitaka kampuni ionyeshe jina lake lililosajiliwa, namba ya usajili, anwani ya ofisi iliyosajiliwa na sehemu ya nchi iliposajiliwa. Ujerumani inataka majina ya wakurugenzi na mahakama iliyosajili pia. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2003, inataka barua pepe za matangazo ziwe na anwani halisi ya posta na njia ya kukataa kutumiwa nyingine. Ulizeni nchi mliyosajiliwa inataka nini. Nimeona ofisi zenye ilani ndefu kuliko ujumbe, na ndani yake huoni hata jina kamili la kampuni.

Tuje sasa kwenye kinachozuia. Maji yakimwagika hayazoleki, na barua pepe ni maji ya namna hiyo. Ukibonyeza kutuma, nakala inatoka kwenye seva yenu na kuingia kwenye seva ya mpokeaji. Siku hizi seva nyingi hufumba mawasiliano njiani, kwa hiyo anayevizia katikati haoni kitu. Lakini ufumbaji huo hauangalii kama anwani ni sahihi. Unamfikishia mtu asiyehusika siri yenu salama salimini. Ile amri ya kurudisha ujumbe iliyomo kwenye baadhi ya programu kwa kawaida hufanya kazi ndani ya taasisi moja tu, na ile ya Gmail ya kutengua huuchelewesha ujumbe kwa sekunde 30 kwa wingi kabla haujaondoka. Ujumbe ukiisha kuondoka, mnabaki na ombi.

Kwa kuwa kosa lenu lilitokana na anwani kujijaza, anzeni hapo. Zimeni kipengele hicho kwenye kompyuta zinazoshughulika na mishahara, au angalau futeni majina yanayofanana kwenye orodha inayopendekezwa. Wekeni ucheleweshaji wa dakika 1 au 2 kwa kila ujumbe unaotoka. Utashangaa ni mara ngapi mtu hukumbuka kosa lake sekunde kumi baada ya kubonyeza. Jengeni tabia ya kuandika anwani mwisho, baada ya kuambatisha faili na kulifungua kuhakikisha ndilo lenyewe.

Zaidi ya yote, acheni kuambatisha mishahara kwenye barua pepe. Iwekeni kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo mteja anaingia kwa akaunti yake mwenyewe, kisha mtumieni kiungo. Kiungo kikienda kwa mtu mwingine, hatafungua kitu, na ninyi mnaweza kukifunga dakika hiyo hiyo. Ila hakikisheni hakikuwekwa katika hali ya kufunguliwa na yeyote mwenye nacho, maana hapo mtakuwa mmerudi mlikotoka. Kama mteja hataki mambo ya viungo, funga faili kwa nenosiri na umpe nenosiri hilo kwa simu. Naomba hili la simu lisipuuzwe. Wapo wanaofunga faili vizuri, halafu wanaandika nenosiri kwenye ujumbe ule ule, au kwenye ujumbe unaofuata kwa anwani ile ile iliyokosewa. Kwa mishahara ya kila mwezi, kubalianeni nenosiri mara moja kwa mdomo na mlibadilishe kila baada ya muda.

Hatua hizi zina faida nyingine mbele ya sheria. Katika ulinzi wa siri za biashara, mkataba wa kimataifa wa haki miliki unaosimamiwa na Shirika la Biashara Duniani, kwenye kifungu cha 39, unataka mwenye siri awe amechukua hatua za busara kuitunza. Sheria za ulinzi wa data nazo huuliza ulinzi ulikuwaje kabla ya tukio. Mkionyesha hifadhi yenye milango, ucheleweshaji wa kutuma, na mkataba wa kutunza siri uliosainiwa na wafanyakazi na wateja, mna jibu. Mkionyesha aya tatu chini ya barua, mmeonyesha tu kwamba mlijua hatari ipo.

Je, msiweke ilani kabisa? Mkiacha hamtakuwa mmefanya uzembe, na sijui sababu ya biashara kama yenu kushtakiwa kwa kukosa ilani peke yake. Lakini kama mteja, bima au msimamizi wa taaluma yenu anaitaka kwa maandishi, iwekeni bila ubishi. Vinginevyo ningewashauri ilani fupi, juu ya ujumbe, kwenye zile barua chache zenye siri kweli. Iandikwe na anayetuma, isibandikwe na kompyuta, ili kuiandika kwenyewe kumfanye atazame anwani tena. Kwa mfano:

"Ujumbe huu una taarifa za mishahara na umekusudiwa mtu aliyetajwa hapo juu peke yake. Ukiupata kwa makosa, tafadhali tujulishe kwa kujibu hapa, kisha uufute pamoja na kiambatisho chake. Tutashukuru sana."

Mwisho wa ujumbe wekeni jina la mtumaji, cheo, jina kamili la kampuni, namba ya usajili, anwani na simu. Mshirika wako akiona hiyo ndogo, mwonyeshe kwamba inafanya jambo pekee ambalo ilani inaweza kulifanya: inamwambia mtu mwema la kufanya.

Kuna hali ambazo majibu ya kuandikiana hayatoshi, na ninyi mnaweza kuwa karibu na mojawapo. Mwoneni wakili wa hapo mlipo ikiwa mpokeaji atakataa kuthibitisha kwamba amefuta, ikiwa yeye na mwenye orodha wanashindana kibiashara, ikiwa orodha ilikuwa na namba za akaunti za benki au taarifa za afya, au ikiwa baadhi ya wafanyakazi wanaishi nchi nyingine. Fanyeni hivyo pia kama mkataba wenu na mteja una kifungu cha usiri chenye adhabu ndani yake. Mkautazame jioni hii kama hamkumbuki. Mkienda, chukueni mkataba huo, ujumbe uliotumwa kama ulivyo pamoja na kiambatisho, jibu la mpokeaji, hati ya bima, na karatasi yenye saa na tarehe ya kila hatua tangu mlipogundua. Msifute chochote upande wenu hadi wakili awaambie.